Mji Haujengwi kwa Harambee Moja: Tanga na Fedha za Miaka Mingi

 

Kama ilivyo desturi ya kijitabu hiki, kabla ya kufika kwenye kurasa za michango tunaweka makala moja ya historia ya kwetu. Mwaka huu tumechagua jambo ambalo kwa haraka linaonekana ni la wahasibu: mji hupata wapi fedha za kujenga vitu vya kudumu, kama mabomba, barabara, mifereji na madampo, na ni nani anayeamua kipi kianze na kipi kisubiri. Tumelichagua kwa sababu linatuhusu sisi wenyewe, na kwa sababu kuna kosa letu ambalo ni heri tulisema hapa kuliko lisemwe barazani.

Miaka michache iliyopita chama chetu kilichangisha fedha za tangi la maji na pampu kwa shule moja ya msingi, ambayo hatutaitaja maana kosa halikuwa lake. Siku ya kukabidhi tulipiga picha, tukala pilau, tukasafiri kurudi tulikotoka. Mwaka wa pili pampu iliungua. Shule haikuwa na fungu la kuitengeneza, na sisi hatukuwa tumeliweka. Tangi bado lipo, jina letu bado linasomeka ubavuni, na watoto bado wanabeba madumu. Tulipojiuliza tulikosea wapi, tuligundua kuwa mji wetu umewahi kupita njia hiyo hiyo, zaidi ya mara moja, kwa mambo makubwa kuliko pampu.

Reli iliyoishia Muheza

Tuanze na kitu ambacho kila mtoto wa Tanga anakijua. Reli ya kwanza katika nchi hii ilianza kujengwa hapa kwetu, mwaka 1893, wakati wa Wajerumani. Walioanza hawakuwa serikali bali kampuni ya watu binafsi, yenye lengo la kufikisha mazao ya mashamba ya Usambara bandarini. Walikuwa na ramani na walikuwa na hamu. Fedha za kuwafikisha mwisho hawakuwa nazo.

Mwaka 1896 reli ilifika Muheza, kilomita 40 hivi kutoka bandarini, ikasimama. Fedha zilikuwa zimekwisha, na reli fupi namna ile haikuweza kuingiza mapato ya kujiendeleza yenyewe: milima yenye mashamba ilikuwa bado mbele. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni iliichukua. Ndipo ikasogea tena, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kutoka tuta la kwanza la Tanga hadi Moshi ilipita miaka 18.

Tusiwasifu waliojenga bila kuwataja waliolipa. Miaka ile ile ndiyo serikali ya Wajerumani ilipoleta kodi ya kibanda, na wazee wetu walioshindwa kuilipa kwa fedha waliilipa kwa nguvu za mikono. Reli iliwekwa kwa faida ya mashamba ya mkonge na kahawa, haikuwekwa kwa ajili ya mwanakijiji wa Pongwe kwenda kumtembelea shangazi yake Korogwe. Hata hivyo ipo, na inatufundisha jambo la kwanza: kazi ya miaka mingi ikianzwa kwa fedha za mwaka mmoja, itasimama njiani, na kitu kilichosimama njiani hakimlipi aliyekijenga wala hakimfai aliyekingojea.

Barabara za namba

Somo la pili liko chini ya miguu yetu. Mgeni akifika Ngamiani hushangaa kukuta barabara zimenyooka na zina namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea hadi zaidi ya ishirini. Sisi tuliokulia pale tunaliona jambo la kawaida. Mtu akikuambia anakaa barabara ya nane, huhitaji kuuliza mti wala duka. Mpangilio huo ulichorwa enzi za ukoloni, na ulichorwa kwa ubaguzi: Raskazone kwa Wazungu, katikati kwa wafanyabiashara wa Kihindi, Ngamiani kwa Waafrika. Ubaguzi ule tumeuzika, ila mistari tumebaki nayo.

Faida ya mistari huonekana siku ya kupitisha bomba. Pale ambapo njia iliachwa tangu mwanzo, mji hulipa gharama ya bomba na ya kuchimba. Pale ambapo nyumba zilitangulia njia, mji hulipa bomba, hulipa kuchimba, hulipa fidia, na mara nyingi hulipa mawakili. Wenzetu walioko Dar es Salaam wanalijua hili vizuri. Wameona barabara ngapi zikichelewa kwa sababu ya nyumba zilizotiwa alama ya X. Kuacha nafasi mapema ndiyo akiba ya bei nafuu kuliko zote ambazo mji unaweza kujiwekea. Ndiyo maana miji huandaliwa mpango kabambe, ramani inayotazama miaka 20 mbele na kusema hapa patakuwa makazi, hapa viwanda, hapa njia ya maji ya mvua. Mpango kabambe haujengi hata tofali moja. Kazi yake ni kuzuia tofali lisiwekwe mahali ambapo kesho litabomolewa.

Mkonge ulipoanguka

Baada ya uhuru Tanga ilikuwa mji wa kujidai. Katika sensa ya mwaka 1967 ulikuwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania Bara, nyuma ya Dar es Salaam, ukiwa na watu zaidi ya 60,000. Nguvu yake ilikuwa mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000, na sehemu kubwa ilipita katika bandari yetu. Kisha nyuzi za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mashamba yakaanza kufifia. Viwanda vilivyojengwa baadaye kuziba pengo, navyo vingine havikudumu. Kiwanda cha mbolea kilichofunguliwa mwaka 1972 kilikuwa kimefungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kwa mji, anguko la zao si habari ya wakulima peke yao. Mji hula kutokana na kodi za majengo, leseni, ushuru wa masoko na ada. Shughuli zikipungua, ada hupungua, na la kwanza kukatwa katika bajeti huwa lile lisilopiga kelele. Mshahara usipolipwa, mtumishi atagoma. Mfereji usipozibuliwa hausemi kitu mpaka masika.

Wakati huo huo likaja jambo jingine kubwa zaidi. Mwaka 1972 Serikali ilifuta halmashauri za miji na wilaya, mijini kama vijijini, na kazi zake zikahamishiwa kwa maofisa wa mkoa na wilaya walioteuliwa. Nia ilikuwa kupeleka madaraka karibu na wananchi, na msisitizo ukawa maendeleo ya vijiji. Matokeo kwa miji yalikuwa mabaya. Mji haukuwa tena na baraza lake, haukuwa na bajeti yake, wala diwani wa kumfokea taka zikirundikana. Mifereji ilijaa, barabara zikaoza, mabomba yakavuja bila mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kilisambaa nchini, na hali ya usafi wa miji ikawa haifichiki tena.

Mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa kwa sheria ya mpito. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria mpya za serikali za mitaa, pamoja na ile ya fedha zake, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena nchi nzima. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka ule wa 1984, alikiri hadharani kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Tunalikumbuka hili si kwa kulaumu waliotangulia. Tunalikumbuka kwa sababu ilichukua miaka sita tu kubomoa utaratibu wa matengenezo, na kuurudisha kulichukua zaidi ya miaka 20. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tanga, kama miji mingine, ilikaa muda mrefu ikijenga kuta.

Nani hulipa, nani huamua

Sasa tueleze kwa kifupi utaratibu ulivyo leo, maana wengi wetu tunalalamika bila kujua mlango wa kugonga.

Bajeti ya Jiji ina mafungu mawili makubwa. Moja ni matumizi ya kawaida: mishahara, umeme, mafuta ya magari, karatasi. La pili ni matumizi ya maendeleo: madarasa, zahanati, masoko, stendi, vitu vitakavyodumu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini safari ya mradi huanza miezi mingi kabla ya hapo. Huanzia katika mkutano wa mtaa, ambako wananchi hutaja mahitaji yao. Hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani na watendaji huyapanga kwa umuhimu. Hufika halmashauri, wataalamu huweka gharama, madiwani hujadili na kupitisha. Kisha hupita mkoani, TAMISEMI na Hazina, mpaka Bungeni. Mradi ambao haukutajwa kwenye mkutano wa mtaa unaweza bado kuingia njiani, ila una safari ngumu kuliko uliotajwa.

Fedha zenyewe hutoka mikono mitatu. Mkono wa kwanza ni mapato ya ndani, yaani ada, leseni, ushuru wa huduma na mengineyo. Mkono huu umekuwa ukifupishwa. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile wazee waliyoiita kodi ya kichwa, ilifutwa, na mwaka uliofuata ada nyingi za leseni za biashara zikafuata. Hakuna aliyeililia kodi ya kichwa. Watu walikimbizwa vichakani kwa ajili yake. Lakini ilipoondoka, halmashauri ziliegemea zaidi fedha za Serikali Kuu. Kodi ya majengo nayo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 huilipa kila anayenunua umeme wa nyumba yake, shilingi kidogo kidogo kila mwezi.

Mkono wa pili ni ruzuku kutoka Serikali Kuu. Kuanzia 2004 palikuwa na ruzuku ya maendeleo yenye masharti: halmashauri yenye hesabu safi, mpango ulioandikwa na vikao vinavyofanyika ilipata, iliyoshindwa vigezo ilikosa au ilipunguziwa. Kwa mara ya kwanza kuandika mpango vizuri kulikuwa na thamani ya fedha taslimu.

Mkono wa tatu ni mkopo. Hapa ndipo mji wetu, uliopewa hadhi ya Jiji mwaka 2005, una habari ya kujivunia. Mwaka 2010 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa miji ya kimkakati, ambapo Tanga iliingia pamoja na Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma, Kigoma na Mtwara. Mkopo ulichukuliwa na Serikali Kuu, kazi ikafanyika katika miji. Kwetu tulipata barabara za lami zenye mifereji na taa, na dampo la kisasa la Mpirani. Wanaokumbuka baadhi ya barabara za mjini zilivyokuwa kabla ya hapo hawahitaji maelezo.

Katika miradi ya namna hii, mji wenye michoro tayari hutangulia. Upembuzi, usanifu na makadirio ya gharama huchukua muda, na mfadhili hangojei. Fedha zinapotokea, huenda kwa aliye na karatasi mkononi. Tangu 2017 barabara nyingi za mijini zimehamishiwa TARURA, lakini kanuni haikuhama: barabara isiyo na michoro itasikiliza majina ya wenzake yakiitwa.

Maji yetu na hatifungani

Sura ya karibuni kabisa ya historia hii imeandikwa na maji, na imeandikwa Tanga kabla ya kwingine kote nchini.

Maji tunayokunywa mjini hutoka Mto Zigi, unaoshuka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Hukusanywa katika bwawa la Mabayani, husafishwa Mowe, kisha huingia mabombani. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1970, mji ukiwa na watu 100,000 hivi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 390,000 katika Jiji. Hakuna haja ya kuwa mhandisi kuliona tatizo.

Tangu 1998 huduma ya maji mjini iko chini ya mamlaka inayojitegemea, Tanga UWASA. Kujitegemea maana yake ilibidi iishi kwa ankara zake: kufunga mita, kukusanya madeni, kuziba mivujo. Haikuwa kazi ya kupendwa. Tunao wazee wanaokumbuka jinsi mita za kwanza zilivyopokelewa kwa maneno makali. Lakini ni mita hizo zilizoiwezesha mamlaka kuonyesha, mwaka baada ya mwaka, imeuza maji kiasi gani na imekusanya fedha kiasi gani.

Rekodi hiyo ndiyo iliyokuwa dhamana. Mwezi Februari 2024 mamlaka yetu ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa taasisi ya ngazi ya chini ya Serikali Kuu nchini kukopa kwa njia hiyo, kwa kutegemea mapato ya mradi wenyewe. Wawekezaji walileta bilioni 54.72, zaidi ya kilichoombwa, na mwezi Mei hatifungani ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha zilikusudiwa kupanua uzalishaji pale Mowe hadi lita milioni 60 kwa siku, kuongeza mtandao wa mabomba na kufunga mita za malipo ya kabla.

Kwa asiyezoea neno hilo, hatifungani ni hati ya deni. Mtu anamkopesha mkopaji fedha leo; mkopaji anamlipa riba kwa vipindi vilivyopangwa, na muda ukiisha anakuwa amemrudishia fedha yake yote. Anayeikopesha Tanga maji anaweza kuwa mfuko wa pensheni, benki, au mwalimu aliyejiwekea akiba. Na anayelipa deni ni kila anayefungua bomba Chumbageni, Makorora, Duga au Mikanjuni.

Kuna wanaouliza: kwa nini tukope, si tungesubiri tuweke akiba? Jibu liko katika umri wa kitu chenyewe. Bomba kubwa huweza kudumu miaka 30 au zaidi. Tukisema lilipwe lote kwa ankara za mwaka huu, kizazi kimoja kinabeba mzigo na vingine vinakunywa bure. Tukilipa kwa miaka 10, mzigo unagawanyika angalau kidogo kati ya wanaotumia leo na watakaotumia kesho. Hapo mkopo ni haki, mradi kitu kinachonunuliwa kiishi zaidi ya deni lake. Kukopa kwa ajili ya lami itakayodumu miaka 15 kuna maana. Kukopa kwa ajili ya sherehe ya uzinduzi ni kumkopea mjukuu chakula alichokwisha kula babu.

Lakini tusijidanganye kuwa mkopo ni zawadi. Riba ya asilimia 13.5 kwa bilioni 53.12 ni kama shilingi bilioni 7.17 kwa mwaka wa kwanza pekee, kabla ya kurudisha mtaji. Dawa ya deni ni kulipa, na fedha hiyo hutoka kwenye ankara. Kila anayejiunganishia maji kwa wizi, kila taasisi inayokaa na ankara bila kulipa, kila mvujo ulioonekana usiripotiwe, hupunguza fedha iliyokwisha ahidiwa mtu mwingine. Mji ukishindwa kulipa deni la kwanza, la pili halitakuja.

Na kuna watu ambao hawamo katika hesabu ya wahandisi, ingawa bila wao hakuna maji. Ni wakulima wa huko juu, bonde la Kihuhwi na Zigi, wilayani Muheza. Wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, wa kulinda vyanzo: kutolima ukingoni mwa mto, kupanda miti, kushika udongo usiteremkie bwawani. Bwawa hujaa tope taratibu, kila mvua kidogo kidogo, na kuondoa tope ni ghali kuliko kulizuia. Mkulima wa Amani anayeacha mita kadhaa za shamba lake bila kulima analinda bwawa letu kama vile mhandisi wa Mowe anavyolilinda. Tunapohesabu waliochangia maji ya Tanga, tuanzie kule mlimani.

Maswali matatu

Tukiyaweka pamoja haya yote, tangu reli ya Muheza hadi hatifungani ya maji, tunaona kuwa kila kitu kilichodumu kilikuwa na majibu ya maswali matatu kabla ya jembe la kwanza. Fedha za kukijenga zinatoka wapi, zote, hadi mwisho? Nani atalipa kidogo kidogo katika miaka yake ya kuishi? Na siku kikiharibika, fungu la kukitengeneza liko kwa nani? Reli ya mwaka 1893 haikuwa na jibu la swali la kwanza. Mifereji ya miaka ya 1970 ilikosa jibu la tatu. Pampu yetu ya shuleni nayo ilikosa lile lile.

Kwa hiyo Kamati inaleta mapendekezo matatu katika mkutano mkuu wa mwaka huu, na tunaomba myasome kabla ya kufika, ili tujadili badala ya kushangilia.

Kwanza, tuache kuchagua mradi kila mwaka kwa kufuata aliyezungumza vizuri zaidi ukumbini. Tuandike orodha yetu ya miaka mitano, yenye miradi michache, iliyopangwa kwa umuhimu na yenye makadirio ya gharama. Orodha hiyo tuilinganishe na mipango ya kata zetu na ya Jiji. Haina maana sisi kujenga darasa mahali ambapo halmashauri imeshapanga kujenga mawili, wakati shule ya kata ya jirani haipo katika orodha ya mtu yeyote. Wanachama walio nyumbani wahudhurie mikutano ya mitaa. Walio mbali wawapigie simu walio nyumbani.

Pili, kila mradi utengewe fungu la matengenezo tangu siku ya kwanza. Tuchukulie mfano: kitu kilichogharimu shilingi milioni 20 na kinachotarajiwa kudumu miaka 10 hupoteza thamani ya milioni 2 kila mwaka, hata kama hakuna anayeiona ikiondoka. Tunapendekeza robo ya makusanyo ya harambee hii isiguswe na ujenzi wowote mpya. Iwekwe katika akaunti ya peke yake, yenye watia saini watatu, na taarifa yake isomwe kila mkutano mkuu.

Tatu, fedha ya kwanza kutoka katika akaunti hiyo itengeneze pampu ile. Haitakuwa na picha nzuri. Hakuna atakayekata utepe kwa ajili ya pampu iliyotengenezwa. Lakini hatuoni kwa uso gani tutaomba michango ya kitu kipya wakati watoto wanapita mbele ya jina letu wakiwa na madumu kichwani.

Tunajua mapendekezo haya yatapunguza shangwe. Mfadhili hupenda kuonyeshwa jengo, na sisi pia ni binadamu, tunapenda kuonekana. Kuna wajumbe wenzetu waliosema robo ni nyingi mno, na kwamba watu hawatachanga kwa ajili ya kitu ambacho hakijaharibika bado. Huenda ni kweli. Hilo ndilo tunalowaachia ninyi mwamue, maana fedha ni zenu. Sisi tumeona ni heri tuchange kidogo kwa kitu kitakachodumu kuliko kingi kwa kitu kitakachotuaibisha mwaka wa pili.

Watu hupenda kuutania mji wetu kwamba waja leo, waondoka leo. Sisi tuliondoka, kila mmoja kwa sababu yake, na tunaendelea kurudi, kwa misiba, kwa harusi, kwa sikukuu. Kila turudipo tunafungua bomba nyumbani kwa wazee, maji yanatoka, na hatujiulizi ni nani aliyeyapanga. Yalipangwa na watu ambao wengi wao walijua hawatakuwepo siku ya kuyanywa. Na sisi tupange hivyo hivyo.

Kadi ya mchango iko ukurasa wa mwisho. Pameongezwa kisanduku kimoja ambacho hakikuwepo miaka iliyopita, kimeandikwa "Matengenezo". Tunaomba msikiruke. Haba na haba hujaza kibaba.